Siku Baba Mdogo Festo Alipokula Samaki wa Kopo

Enzi zetu pale Kitura, samaki alikuwa na kichwa. Alipanda mlima kutoka Mbamba Bay akiwa amekaushwa, ndani ya tenga, na harufu yake ilibisha hodi kabla ya mchuuzi. Tulimla kwa ugali, macho tukiyagombania, kisha tukarudi kucheza rede mpaka mama aite kwa sauti yenye fimbo ndani yake. Nyie wa siku hizi mnaolia mkiona mwiba, hamngemaliza wiki.

Kisha biashara ikawa huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na magari yao, na maduka ya Mbinga mjini, ambayo tulizoea kuyakuta na viberiti na mwenye duka tu, yakajaa vitu. Baba mdogo Festo, mdogo wake baba, aliuza kahawa yake akarudi na redio, shati la maua na kopo moja la samaki.

Maneno yalikuwa yamezagaa: samaki wa kopo ni sumu, ameletwa atumalize, na atakayenusurika hatazaa tena. Waliosema hivyo nje ya kanisa walikuwa watu ambao, kwa wingi wa watoto wao, walistahili kulikimbilia kopo hilo.

Festo akalitoboa kwa panga. Bibi, mama yao Festo na baba, alizaliwa ziwani akaolewa huku milimani, kwa hiyo ndiye hakimu wetu wa samaki. Akainama, akauchungulia ule mchuzi mwekundu.

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Wamekitoa kiwandani, mama."

"Anayeficha uso ana alichofanya. Huyo ni nyoka."

Mama akatufukuza jikoni kama kuku. Festo akacheka, akala peke yake, akalifuta kopo kwa tonge la mwisho, akashushia kwa pombe ya komoni. Haukupita muda, tumbo likaanza kunguruma na jasho kumtoka. Akajilaza mkekani akilia kwamba macho hayaoni, ingawa alimwona vizuri sana paka aliyekuja kulamba kopo.

"Nilisema mimi!" bibi akapiga yowe.

Mama akaleta maziwa. Padre alikuwa mbali, baba akaagiza katekista aitwe. Majirani wakajaa. Hata Mzee Kosmas wa ng'ambo ya kijito alikuja, begani ana machela ya mianzi ya kumbebea mgonjwa. Yeye na baba hawakuwa wamesalimiana tangu nguruwe wetu wa Krismasi alipopotea, maana baba aliapa mbele ya kijiji kizima kwamba Kosmas ndiye aliyemla.

Katekista akatuomba tutoke ili asali na mgonjwa. Festo hakusubiri.

"Kaka," akamshika baba mkono, "yule nguruwe nilimuuza mimi. Kosmas hakumgusa hata mkia."

Baba akauchomoa mkono wake taratibu. Mara Festo akaruka, akatimua mbio chooni, akakaa huko muda wa litania nzima. Alirudi amenyauka lakini mzima, akaomba uji.

"Uji? Si ulikuwa unakufa?" baba akafoka.

"Nimepata nafuu, kaka."

"Nafuu kwa ruhusa ya nani?"

Watu wakaangua kicheko. Katekista akatoka nje akijifanya anakohoa. Mzee Kosmas peke yake hakucheka.

"Kosmas, nimekukosea," baba akasema.

"Wanangu wameitwa watoto wa mwizi hadi shuleni," Mzee Kosmas akajibu. Akainua machela yake. "Njoo kesho. Leo siwezi."

Kesho yake baba alikwenda, Festo akitangulia na kitoto cha nguruwe kifuani. Walirudi jua likizama. Baba alikuwa ameshiba, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimsikia akipiga mluzi.

Siku hizi samaki wa kopo tunawapa hata wagonjwa, na kila nyumba imezungushiwa ukuta. Kijana akiumwa tumbo anaiuliza simu, nayo inamwambia anywe maji mengi. Anakunywa, anapona, na hakuna jirani aliyejua kwamba aliumwa, wala alichokuwa nacho moyoni.