Blauzi ya Mkono Mrefu

Fundi cherehani huyu mdomo wake haukujua kutulia. Akimpima mteja kifua alitania, "Futi yangu haina umbea, dada, vuta pumzi." Lakini siku aliyokwenda kliniki alikaa mbele ya nesi kimya, jasho likimtoka.

Nesi alikuwa na maswali: alivunja ungo lini, amezaa mara ngapi, nani katika ukoo aliugua saratani ya matiti. Majibu yangeingizwa kwenye kompyuta, nayo ingekadiria hatari yake, ili ijulikane aanze lini kupigwa picha ya matiti.

"Mama alifariki kwa nini?"

"Presha." Ndivyo walivyoambiwa watoto msibani.

"Basi hatari yako ni ndogo, dada. Tuonane baada ya miaka mitatu."

Alirudi kibandani kwake akiwa mwepesi, hata akaimba. Akavuta gauni la bibi harusi, akaanza kushona sponji kifuani, mara mkono ukagoma. Alikumbuka kazi yake ya kwanza kabisa, akiwa na miaka kumi na minne: blauzi ya mama ya mkono mrefu. Mama alitaka kimfuko kwa ndani, upande wa kushoto tu, kijazwe pamba. Alisema ni mtindo mpya. Naye, kwa utoto wake, aliamini.

Hofu ikamshika. Alijishika kifua kwa mikono miwili, mlango wazi, wapita njia wakimwona. Kisha akampigia mama yake mdogo.

"Mama mdogo, mama alikatwa titi?"

"Nani kakwambia?"

"Blauzi niliishona mwenyewe."

"Tulificha kwa ajili yenu, mwanangu. Nani angewaoa? Hata bibi yako, mama yetu, aliondoka na ugonjwa huo huo."

"Kumbe nesi nimempa majibu ya uongo! Kesho asubuhi naenda kuyabadilisha. Wawili, mama mdogo! Wawili, na mimi naambiwa nisubiri miaka mitatu!"

"Unayo pamba hapo?" mama mdogo akauliza polepole. "Nishonee na mimi blauzi kama ile. Titi la kulia limeanza kubonyea kwa ndani, watu wanaangalia."

Fundi alisimama. Gauni likaanguka chini, sindano ikining'inia.

"Sishoni kitu," alisema, machozi yakimtoka. "Vaa viatu. Nakuja kukuchukua sasa hivi, tunakwenda kliniki wote."