Mjapani Niliyemvika Shuka

Nawaambieni mwenyewe kabla majirani zangu wa Cheyo hawajawaambia, maana wao hutia chumvi: mimi, mtu mzima na mvi zangu, nililiza mtaa kwa ajili ya picha.

Watu wa Sikonge walikuwa wanakuja kumposa mjukuu wangu Zena, naye akaona sebule haina sura, akanunua picha kubwa ya turubai yenye fremu nyeusi, akaitundika juu ya kochi. Mwanamume wa Kijapani, uso mweupe kama kapakwa unga, macho kayavutia puani, vidole kavitawanya kama anataka kukukaba.

"Bibi, ni mwigizaji wa zamani, walimchonga kwenye ubao wakampiga chapa. Hii ni nakala tu."

Nakala! Nikienda mlangoni ananitazama, nikirudi ananitazama (na mwenye kengeza hujui anatazama wapi, ndiyo ubaya wake). Nikajiuliza, siku ya posa, nani kamshauri mtoto alete jicho la namna hii nyumbani?

Zena alipokwenda sokoni nikasema namshusha. Kochi likanizuia, nikaita vijana wawili wa bodaboda wakatoa makochi yote nje (nilitaka pia kuona kama kuna kitu kimefichwa nyuma yake, nilikuta kijiko changu tu). Wakamshusha, wakaenda zao. Nikamfunga kwa shuka jeupe asinione, nikamlaza kwenye mkeka, nikajitanda kanga, nikakaa kando na tasbihi namsomea.

Ninyi mmeshaona. Mimi sikuona.

Jirani yangu Mama Ramla akapita, akaona makochi nje, akachungulia. "Bibi, nani huyo?" Nami niko katikati ya kisomo, nikamwashiria kwa mkono asubiri. Hakusubiri. Alipiga yowe hilo!

Kufika kwenye amina, sebule imejaa wanawake na wanaume wamekaa nje kwenye makochi yangu. Nikifungua mdomo nakumbatiwa: "Usiseme, Bibi, kazi ya Mungu." Mmoja nikamsikia ananong'ona, "Maradhi haya! Tazama alivyokonda, kawa bapa."

Ndipo watu wa Sikonge wakaingia na dumu lao la asali. Mshenga, mzee wa watu, akavua viatu, akainua mikono akasoma fatiha. Nyuma yake Zena na kikapu: "Bibi, nani kafa?"

Wote wakanigeukia. Nikafungua shuka.

Mshenga akamtazama Mjapani, Mjapani akamtazama mshenga.

"Huyu ni nani yenu?"

"Si wetu," nikasema. "Hata sisi tunamshangaa."

Hakucheka mtu. Zena ndiye aliyelia, kilio cha kweli: "Bibi, umeniharibia!" Moyo ukanishuka, maana wale wangeweza kupanda pikipiki zao wakaseme nyumba ile ina mkosi, na nani angewabishia?

Mshenga akakohoa. "Posa haisemwi juu ya mkeka wa msiba. Rudisheni viti ndani."

Basi waombolezaji wale wale wakabeba makochi, Mama Ramla (macho mekundu bado) akamtundika Mjapani kwa mkono wake, posa ikasemwa ikapokelewa, na pilau wakala wote.

Zena sasa yuko kwake Sikonge, na picha kaniachia. "Akulinde, Bibi." Nakaa nimempa mgongo, kumwamini simwamini. Ila kochi langu halitoki tena nje, hata kwa kufagia, mpaka nizunguke nyumba kwa nyumba nikisema: jamani, kwangu wote wazima.