Jini Aliyependa Halwa

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na jini, na jini huyo alipenda halwa. Alikuwa amempanda shangazi yangu Zuhura, aliyeshona mabuibui chumba cha chini. Bibi, mama yake, ndiye aliyemgundua. Shangazi alishikwa na kiu isiyokatika, haishi kwenda chooni, na mwili ukampukutika. Tena kila alipotoka chooni, sisimizi walijazana. Kwa Bibi hiyo ilikuwa alama tosha: jini mla tamu anaacha makombo.

Dawa ilikuwa kumlisha aridhike. Bibi alipanga chano cha halwa, tende, asali na sharbati, akamkalisha Shangazi mkekani.

"Kula, mwanangu. Si wewe ulaye, ni yeye."

Shangazi alikula kwa raha, maana na yeye halwa aliipenda. Sisi watoto tulisimama mlangoni tukimeza mate. Wallahi nilitamani jini anipande na mimi.

Kisha sindano iliyoanguka sakafuni ikamchoma Shangazi kidole cha mguu. Wala hakusikia maumivu; tuliona damu tu. Kidonda kikakataa kupona, kidole kikaanza kuwa cheusi. Hapo Bibi akaingiwa na hofu ya kweli, akamwita maalim wa madrasa yetu amwandikie kombe, zile aya za zafarani zinazooshwa kwa maji ya waridi mgonjwa akanywa.

Maalim alikitazama kidonda kwa muda.

"Mato yaona vyema?"

"Hata tundu la sindano halioni siku hizi," Bibi akajibu, akamsogezea chano aone jinsi walivyomtunza jini.

Maalim akaweka kalamu chini.

"Bi Mkubwa, mgeni wenu huyu namjua. Hata mimi ninaye. Ni sukari. Kombe nitaandika, lakini halwa hii iondoke, na yeo hii mpelekeni hospitali. Mguu huo hautangoja."

"Kumbe ni mimi nimlishaye?" Bibi akauliza.

"Hukujua, mama. Haya, mvisheni buibui."

Daktari alisema sukari ilikuwa imepanda damuni kwa muda mrefu. Ikikaa hivyo huharibu mishipa, ikala macho, figo na miguu, na mguu uliokufa ganzi hauna wa kumwonya mwenyewe. Kidole kilikatwa. Mguu ukasalimika, alhamdulillahi.

Bibi hakuacha kuamini majini, ila huyu alimkabidhi daktari moja kwa moja. Kila jioni alivaa miwani, akaiweka miguu ya Shangazi mapajani pake na kuikagua, kidole kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele.

Sasa mimi ni mtu mzima, na kwa kuwa damu yetu ni moja, huenda kupimwa hata nisipoumwa. Wajukuu wengine humcheka Bibi. Mimi siwezi. Dalili zote aliziona yeye kabla yetu sote. Jina tu ndilo alilokosea, na kosa hilo nusura limwondolee mtoto.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuugua sukari. Lakini tangu siku ile ya hospitali hakutia sukari kwenye chai yake. Shangazi alimbembeleza, "Mama, tia, wewe u mzima."

"Sinwi tamu na mwanangu anwa chungu," akasema.

Alikunywa hivyo mpaka alipofariki, na kila kikombe alikikunjia uso.