Zima Feni

"Hakuna neno linalotembea mtaa huu ambalo halijapita kinywani mwangu kwanza!"

Radhamés, fundi viatu, aliyasema hayo amesimama juu ya kreti la bia mbele ya duka la Eligio, mtaa mzima wa kwetu San Pedro, Jamhuri ya Dominika, ukisikia. Hatukumbishia. Kila Jumapili watoto walipocheza vitilla, wakipiga kifuniko cha dumu la maji kwa mpini wa ufagio, yeye ndiye aliyekuwa mtangazaji. Bila mshahara, na bila kuombwa pia, tuseme ukweli.

Siku Pirín, mmoja wa watoto hao, alipokosa kifuniko mara tatu, akipepea hewa tu, Radhamés akapaza sauti: "Zima feni, kijana, umeme wenyewe haupo!"

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Wiki haikuisha, neno likawa kila mahali. Doña Eufemia alimwambia mumewe "zima feni" alipoanza kuapa kwamba ameacha pombe.

Eligio ndiye baba wa ubatizo wa binti wa Radhamés, kwa hiyo huitana kompadre, na kompadre kwetu ni zaidi ya ndugu. Jioni moja alimfungulia bia baridi, akamwuliza, "Kompadre, hivi lile neno lilikujiaje?" Radhamés akasimulia yote, huku akirusha mikono. Akaongezewa bia ya pili. Maskini, alidhani anapendwa.

Jumapili ya fainali alikuta watoto wa timu zote mbili wamevaa fulana za njano. Kifuani: ZIMA FENI. Chini yake: DUKA LA ELIGIO. Juu ya kreti alisimama mpwa wa Eligio na kipaza sauti, akilipaza neno lile kama kalizaa yeye.

"Kompadre, hilo ni langu," Radhamés alisema.

"Neno ni kama hewa, kompadre. Nani ana risiti ya hewa?"

"Ulinikalisha hapa hapa ukaniuliza!"

"Na bia si ulikunywa?"

Watu wakaangua kicheko. Radhamés akamgeukia Pirín. "Mwanangu, waambie. Siku ile nani alikuambia uzime feni?"

Pirín aliinamisha kichwa, akaisoma fulana yake ya bure. "Hapa imeandikwa Eligio, don."

Mpigaji aliyefuata akakosa. Radhamés hakuweza kujizuia, likamtoka lile neno, kwa sauti ile ile ya zamani. Jamaa mmoja wa mtaa wa pili akageuka.

"Wee mzee, acha kuiga! Kama unalipenda sana neno hilo, si ununue fulana?"

Sote tuliomjua tulikuwepo. Tulitazama mchezo.

Radhamés akaenda hadi kaunta ya duka, akamwuliza kompadre wake fulana zinauzwaje.

"Peso mia nne na hamsini," Eligio akasema.