Michikichi ya Katikati

Harufu ya mawese yanapoanza kuchemka hunirudisha Mwandiga, na haiji peke yake: huja na wivu. Siwezi kuinusa bila kumkumbuka Nadine.

Nadine na mama yake walikimbia vita Burundi. Babu aliwakatia kipande cha ardhi katikati kabisa ya shamba lake, penye michikichi iliyozaa kuliko yote. Babu alipofariki, upande wa juu ukawa wa baba, wa chini ukawa wa baba mkubwa, nao wakabaki katikati, hawana pa kupita ila kwetu au kwa baba mkubwa. Ndugu hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Waliafikiana jambo moja tu: mahali pa mkimbizi ni kambini.

Nami niliafiki kwa moyo wote. Jamani, nilimwonea Nadine wivu! Mboga za kwao ziliogelea kwenye mawese, zetu zilinusishwa tu. Halafu baba, mimi aliniita "we mtoto", lakini Nadine akamwita kwa upole "mama". Nilikuwa nimeshachagua mchikichi utakaokuwa wangu wakiondoka.

Asubuhi moja mama Nadine akawaita ndugu wote wawili uani kwake. Mizigo ilikuwa imefungwa, sufuria juu. Nilijibanza nyuma ya baba, nimejaa furaha.

"Shikamooni, wazee wangu. Nasikia mwataka twende kambini. Tutakwenda leo, bila ugomvi. Nauliza kimoja tu: hii michikichi nimwachie nani?"

Baba akamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa akaitazama mikungu iliyoiva.

"Nani kakwambia uondoke?" baba akafoka, kana kwamba si yeye aliyesema hivyo jana yake tukila.

"Hata mimi nashangaa," akadakia baba mkubwa. "Fungua mizigo, mama. Mtu akikuuliza, mwambie uko kwangu."

"Kwako? Huyu yuko kwangu!"

Mama Nadine aliinamisha kichwa, akasema yuko kwao wote wawili, akaanza kufungua kamba. Nililia njia nzima. Nyumbani baba alimwambia mama, "Afadhali mkimbizi kuliko yule." Mimi nilisikia: afadhali Nadine kuliko wewe.

Miaka mingi baadaye, baba na baba mkubwa wote wakiwa wameshazikwa, nilikutana na Nadine sokoni Ujiji. Tulikumbushana ya zamani, nikamtania kwamba walikuwa vipenzi vya baba zangu. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Vipenzi? Unajua mama alivyokuwa akituombesha kila usiku? 'Mungu, wape wazee hawa wawili uzima na afya, ila usiwapatanishe.'"

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani kicheko kikaniishia. Mtoto wa rika langu, niliyemwonea wivu wa mboga, alikuwa akilala kila siku akiiogopa siku ambayo kwetu kungekuwa na amani.