Jumamosi ya Kumrekodi Kerubo

Siku niliyowaona mara ya kwanza walikuwa wamekaa nyuma ya pikapu nyekundu, kwenye maegesho ya ghala letu la Mesquite, saa ya chakula cha mchana. Mwanamume alikuwa na gitaa. Mwanamke alikuwa anakula ndizi huku akimkemea.

"Severin, kidole chako hicho kinataka kwenda Kinshasa. Kirudishe Texas."

"Mimi mtu wa Bukavu, mama. Kinshasa sijawahi kufika."

"Basi kidole kimefika bila wewe. Anza tena."

Akaanza tena, na mwanamke akaweka ndizi chini, akaimba. Ulikuwa wimbo wa kantri, wa aina wanayosikiliza madereva wazee wa hapa, gitaa likienda polepole kama mtu asiye na haraka. Lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili. Yalimhusu mtu anayepanga maboksi ya viatu usiku na mchana, na yeye mwenyewe hana pa kwenda. Nilisimama na bakuli langu la wali mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia, na sikuwa nimekula hata kijiko.

Huyo ndiye Kerubo. Alizaliwa Nyamira, Kenya, kwenye vilima vya chai. Alituambia kwamba kwao kila Jumapili redio ilipiga kantri, na wanaume wazima walilia kwa ajili ya farasi wasiowajua. Gitaa alifundishwa na mjomba wake, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai. Alifika Texas miaka kumi na minne iliyopita. Baadaye aliacha ghala akaenda kulea wazee kwenye nyumba moja Garland. Aliwaogesha akiwaimbia, na alisema wazungu wale walikuwa wasikilizaji wazuri kuliko sisi, kwa sababu kila siku wimbo kwao ulikuwa mpya.

Karatasi zake za kukaa nchini zilikuwa bado zinasubiriwa. Angetoka, asingerudi. Kwa hiyo tangu aje hakuwahi kumwona mama yake, na mama alikuwa na kile kisimu kidogo cha vibonyezo, kisicho na picha.

"Uso wangu ameshausahau," aliniambia siku moja. "Kwamba nimenenepa anajua kwa kuambiwa. Sauti tu ndiyo anayoijua."

Kila Jumapili baada ya ibada walikuja kwangu Garland kufanya mazoezi, mimi nikapika maharage. Kerubo alileta maneno, Severin akaleta njia ya kuyapitisha, na wakagombana mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nilikaa jikoni. Sikuwa naimba, wala kusema sana. Kerubo alinitania kila wiki.

"Baba Zoé, wewe hata Mungu ukitaka kumsalimia unasubiri aanze yeye."

Tulimwomba tumrekodi kwa simu, akakataa. Wimbo mbichi hauliwi, alisema. Angerekodi mara moja, vizuri, mwakani. Mwakani ukapita, ukaja mwingine.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Alisema ni baridi ya kiyoyozi kazini. Akanywa tangawizi miezi sita. Alipokwenda hospitali ya Houston, daktari alimwonyesha picha ya saratani kooni mwake na kumwambia lazima watoe zoloto yote, pale sauti inapotoka. Atapumua kwa tundu shingoni. Kuna kifaa cha kuongelea, lakini sauti yake ni kama ya redio iliyoishiwa betri. Akapewa siku: Jumatatu, tarehe kumi na nane Agosti.

Alinipigia siku hiyo hiyo. Hakulia. Alisema, "Nataka nyimbo zangu saba zibaki. Na ule wa mama ndio wa kwanza, kabla koo halijachoka. Ukibaki huo tu, inatosha."

Kuna Mkongo mwenzetu mimi na Severin, Parfait, fundi wa vyombo vya kanisa, mwenye nyumba kubwa Katy, nje ya Houston. Alikubali turekodi sebuleni kwake Jumamosi. Niliendesha mimi. Safari nzima Kerubo hakusema neno, alikuwa anaitunza sauti. Severin alimwonyesha mabango ya njiani, naye akajibu kwa nyusi.

Kerubo mwenyewe ndiye aliyetaka watu wawepo. Alimwandikia Pelagia, mke wa Parfait: *siwezi kuimbia ukuta*. Pelagia akawaita wamama tisa wa kwaya. Wakaja na vitenge vyao vya Jumapili, kila mmoja amebeba sufuria iliyofunikwa, kama watu wanaokwenda kumwona mzazi aliyejifungua.

Parfait alizima kiyoyozi, maana mngurumo wake ungeingia kwenye maikrofoni. Akachomoa friji. Akafunga madirisha. Agosti ya Houston unaijua kama umewahi kujifukiza kwa mvuke wa dawa. Severin akasimama mbele yetu.

"Wamama, nawaomba. Hapa hakuna makofi. Hakuna vigelegele. Hakuna amina. Maikrofoni zinachukua kila kitu kilichomo chumbani, na hatuwezi kutoa kitu baadaye. Mtu akipiga chafya, chafya yake itaishi milele."

"Hata kuguna?" akauliza mmoja.

"Hata kuguna, mama."

Kerubo akakaa kwenye kiti cha meza, gitaa mapajani. Severin na lake pembeni. Nilikuwa nimekaa chini, hatua mbili kutoka kwake. Parfait akainua mkono.

Wimbo wa mama unaitwa "Chai Imepoa". Ni mtu anarudi nyumbani amechelewa miaka mingi, anaomba tu apashiwe chai. Ubeti wa kwanza aliuimba peke yake, sauti ina makwaruzo lakini imesimama:

*Mama nimechelewa, chai imepoa,*
*nipashie tena, njia ilikuwa mbaya.*

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na sikujifuta. Akaingia ubeti wa pili. Kwenye neno *nipashie* sauti ikakatika. Ilikatika kama uzi. Severin akaendelea kupiga, akazunguka, akamrudishia mahali pale pale ili aingie tena. Kerubo akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Severin akazunguka mara ya pili.

Kwetu Fizi, Kongo, mtu akizidiwa na wimbo msibani au kanisani, hammwachi nao peke yake. Mnaupokea. Kumwacha ni kumvua nguo. Hilo sikulifikiria, lilikuwa limeshatoka mdomoni mwangu. *Nipashie tena.* Mimi, ambaye hata kwaya ya Krismasi sijawahi kusimama. Na wamama wakasikia kuna aliyepokea, wakaingia wote, sauti ya juu, ya kati na ya chini, mpaka vioo vya kabati la Pelagia vikatetemeka. Ilipendeza, sitasema uongo. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua, Kerubo alikuwa anatikisa mkono. Sauti ilikuwa imemrudia kidogo, alikuwa anaimba, naona shingo yake inafanya kazi, lakini hakuna aliyekuwa anamsikia. Alikuwa anatuomba tunyamaze.

Wimbo ukaisha. Severin akaweka gitaa chini.

"Nani ameanza?"

Wamama wakatazamana. Pelagia akasema, "Tulikuwa tunamsaidia, Papa Severin."

"Mmemfunika! Nimeuliza, nani ameanza?"

"Ni mimi," nikasema.

Kerubo akanigeukia. Alicheka, au nilidhani anacheka. "Baba Zoé," akasema, kwa mkwaruzo. "Miaka yote hii unanong'ona. Umepata sauti leo, siku ninayoipoteza mimi?"

Niliinuka nikafungua mlango.

Tukawatoa wamama nje. Akanywa maji ya uvuguvugu na asali, akajaribu tena. Pumzi tupu. Akapumzika saa moja, akajaribu. Akapumzika Jumapili nzima bila kutamka neno, na jioni akajaribu mara mbili, Severin akipiga taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa. Pumzi tupu. Nilimwomba Parfait atutoe sisi kwenye rekodi, abaki Kerubo. Akanipa visikizio vya masikioni nisikilize. "Kaka, ni unga na maji. Ugali umeshaiva."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa hospitalini. Severin alibaki kwenye gari, alisema miguu imegoma. Kerubo alilala kitandani na gauni lao la kufungwa mgongoni, akanionyesha simu yake. Nyamira ilikuwa saa nane mchana. Nikampigia mama yake, nikaweka spika.

"Kerubo?" mama akaita, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kerubo ako wapi?"

Kerubo akasogeza mdomo kwenye simu, akajaribu. Ikatoka ile pumzi.

"Nani huyo anapumua hapo? Nipatie mtoto wangu."

Akajaribu tena. Mama akasema, "Wewe ni nani? Kerubo amefanya nini?"

Nikatoa simu yangu, nikatafuta rekodi ya Jumamosi aliyonitumia Parfait, nikaisogeza karibu na ile yake. Gitaa likaanza. Ubeti wa kwanza ukapita, na upande wa mama tukasikia kuku wa kwao tu. Kisha sauti ikakatika, nikasikika mimi, wakaingia wamama.

"Sasa wamekuwa wengi," mama akasema. Alikuwa ameanza kulia. "Huyo wa kwanza alikuwa na mafua, sikumshika vizuri. Wewe mwanamume, niambie. Mtoto wangu ni yupi hapo?"

Nesi alikuwa ameshafungua breki za kitanda. Kerubo akanishika mkono wa shati, akanivuta mpaka sikio langu likagusa midomo yake.

"Mwambie," akasema, "mimi ni ile inayokatika."