Jani la Sale Mlangoni pa Mahakama

Mwaka 1993, nikiwa na miaka ishirini na tisa, kaka yangu Eliamani aling'oa masale yaliyotenga shamba lake na langu huko Meru, akalima mpaka ukutani kwangu. Sale kwetu ni mmea wa mpaka, na yale baba aliyapanda kwa mkono wake alipotugawia. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Mashamba ya maua yalikuwa yanafunguliwa Usa River, na kila mwenye kipande cha ardhi alijiona tajiri.

Mwanangu unayesomea sheria, mimi niliishia darasa la nne. Nilikuwa nachomelea mageti mjini, Ngarenaro, na sikumwomba mtu. Nikamshitaki kaka. Wakili wangu alikuwa Rajabu, mtoto wa fundi cherehani wa mtaani kwetu, ndiyo kwanza ametoka chuoni, na hiyo ndiyo kesi yake ya kwanza. Alisema tutashinda. Na kweli tungeshinda, maana kijiji kizima kilijua mpaka ulipopita.

Asubuhi ya kesi sijaisahau. Tunafika mlangoni pa mahakama, tunamkuta shangazi yetu ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Kaka yuko nyuma yake, anaangalia viatu. Kwetu ukiletewa jani hilo, mtu amekiri kosa na anaomba msamaha. Ukilikataa, mwenye kosa sasa ni wewe. Mikono nikaitia mfukoni. Nilitaka hakimu amwaibishe mbele za watu.

Rajabu alidhani ni ujanja wa kuchelewesha kesi, akaninong'oneza nisiguse kitu. Halafu akaniangalia usoni. Sijui aliona nini, ila alimgeukia shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Akilipokea, kesi inakwenda wapi?"

"Marahaba, baba. Inakwenda nyumbani, kwa mshili, mzee anayeongoza ukoo. Huko huyu atasema kosa lake kwa mdomo wake, na masale atayarudishia mwenyewe, ukoo wote ukiona."

"Na miaka ikipita akayang'oa tena?"

Shangazi akacheka. "Ndiyo maana na wewe utakuja. Uandike."

Nililipokea lile jani. Rajabu akaingia ndani kuomba kesi iahirishwe, na mawakili wenzake wakamtania kwamba ameachia ng'ombe aliyenona ili achume majani. Alipanda mlimani na suti yake, akakaa kwenye kigoda katikati ya wazee, Kimeru hajui hata neno, kila kitu anatafsiriwa. Kaka alisema kosa lake, akalia. Mimi sikulia, nilikuwa na njaa. Akachimba mashimo, nikamshikia miche. Maneno ya wazee Rajabu aliyaandika kama yalivyosemwa, na mahakama ikayapokea yakawa hukumu.

Nilirudi mjini mwepesi, mwanangu. Ile chuki nilikuwa nimeibeba mpaka nikaizoea kama nguo ya kazi.

Tangu hapo Rajabu hakufungua shauri la shamba kabla ya kukaa na wazee wa pande zote, Wameru huku, Waarusha na Wamasai kule Ngaramtoni. Mawakili wenzake walimwita wakili wa masale kwa dharau. Leo vijana wa sheria wanapanga foleni kwake kujifunza.

Basi nakwambia bila kuzunguka. Usiingie kwenye ugomvi wa watu kabla hujawauliza wao huumalizaje. Sheria ya kitabuni ijue yote, uipandishe mlimani, lakini ufike ukiwa unauliza. Na mila ikimwonea mjane au binti, usinyamaze eti adabu. Rajabu aligombana na wazee kwa hilo, na bado walimwita tena.

Mungu akupe wateja watakaoshinda kesi na bado wakaribishane chai.

Mimi leo nina gereji Ngarenaro, nyumba ya matofali, ng'ombe wa maziwa, migomba na kahawa upande wangu wa masale. Na kaka ninaye.